Maoni ya Mzee Kalebi Niliyoyakata

Vijana wangu, mmeniuliza ninasoma nini tangu nistaafu kazi ya kujalidi vitabu, na mmetaka nitoe maoni bila kuficha. Haya, kaeni vizuri. Mwezi huu nimesoma vinne.

Cha kwanza amenipa mwanangu. Kinafundisha namna ya kutajirika, na siri yake kubwa ni kuamka saa kumi alfajiri. Mimi nimeamka saa kumi alfajiri tangu usichana, nikakata majani ya ng'ombe, nikakamua, na aliyetajirika ni yule aliyekuwa akinunua maziwa. Nimekirudisha kwa heshima. Cha pili ni cha mapishi. Kina picha nzuri za rangi, ila kinasema mtori hupikwa dakika ishirini, nikajua mwandishi hajawahi kukaa jikoni na ndizi. Cha tatu ni riwaya ya vijana wa Dar es Salaam. Kiswahili chake ilibidi mjukuu anifasirie, na bado nilicheka mpaka chai ikapoa. Hicho nitakirudia, safari hii bila mkalimani.

Cha nne ndicho kilichonishika. Ni kitabu cha shule kinachoeleza habari za nyota. Kinasema mwanga wa baadhi ya nyota tunazoziona ulianza safari kabla babu zetu hawajachimba mfereji wa kwanza wa maji hapa mlimani. Nilipofika hapo nikashindwa kuendelea. Nilikaa na kitabu mapajani, nimeduwaa kabisa, mpaka mjukuu akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimeambiwa jambo kubwa.

Mnaona basi kwamba maoni ninayo. Sikuzaliwa nayo. Kwa miaka mingi nilivitazama vitabu vya watu kama fundi viatu anavyotazama miguu, naangalia kilichochanika tu. Nilijifunza kuwa na maoni kutoka kwa marehemu mmoja ambaye sikuwahi kumwona, baada ya kukaribia kumnyima mjane wake maneno aliyomwachia. Hilo ndilo nataka kuwaeleza. Mengine nitayasema njiani, mtanivumilia.

Karakana yetu ilikuwa Moshi mjini, chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Jina lake silitaji, maana aibu nitakayoisimulia ni yangu, si yake. Fundi mkuu alikuwa Mzee Damasi, mtu wa Kahe, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea vitabu. Nilipoanza kazi alinipa sindano, akanipa rundo la vitabu vya nyimbo vya kanisa, akasema, "Binti, kitabu cha mtu kifungue ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho kabla hujakifanya lolote. Ukishakata, hakuna fundi wa kuunga."

Alikuwa na sababu. Watu huweka mambo yao vitabuni. Mimi mwenyewe nimekuta cheti cha ubatizo, picha ya askari asiyejulikana ni wa nani, jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi, na siku moja dagaa mkavu, katikati kabisa ya Zaburi. Mzee Damasi kila kitu alikitia kwenye bahasha na kukirudisha kwa mwenyewe. Yule dagaa naye aliingia kwenye bahasha.

Gundi tulipika wenyewe. Katikati ya miaka ya themanini unga wa ngano ulikuwa adimu, tukapika ya muhogo. Unakoroga kama uji mwepesi, unachuja kwa kitambaa, kisha unatia mrututu kidogo, ule ule wa buluu ambao baba zenu walikuwa wakipulizia kahawa, ili mende wasile mgongo wa kitabu. Asubuhi moja mlinzi wetu alikuta sufuria jikoni bado ina moto, mrututu haujatiwa, akachukua kikombe akanywa. Akatusifu kwamba uji ni laini ila umepungukiwa sukari. Tangu siku ile Mzee Damasi alitia mrututu kwanza, mengine baadaye, na mlinzi tukamwonyesha kopo lenyewe.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Duka la mbele likajaa gundi za makopo, uzi wa nailoni, karatasi nyeupe za kila aina. Marobota ya nguo za mitumba yakaanza kuja na vitabu vya mitumba, mtu ananunua riwaya ya Kiingereza isiyo na jalada, analeta tuivishe. Na sisi tukaletewa mashine mpya ya kukatia karatasi, yenye kisu kirefu na mpini wa chuma. Ile ya zamani ilitafuna. Hii ilikata kitabu chote kwa mkupuo mmoja, kingo zikatoka laini, ukipitisha kidole husikii jani na jani.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nilipata sifa ya kingo. Mapadre waliuliza, "Yule dada wa kingo yupo?" Walimu wa Old Moshi walileta madaftari yao ya mahudhurio, wakasema apewe Tere, maana naitwa Theresia. Nami kichwa kikavimba. Nikaanza kukata hata visivyohitaji kukatwa, kwa raha ya kusikia kisu kinashuka. Mzee Damasi aliona, akasema, "Tere, unakipenda kisu kuliko kitabu." Nilidhani ni wivu wa uzee.

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya masika. Mama mmoja alishuka kutoka Old Moshi na vitabu sita ndani ya mfuko wa mbolea. Alikuwa mrefu, mkimya, kitambaa cheusi kichwani. Nikampa shikamoo, akaitika, akavipanga mezani kimoja kimoja kama anayepanga mayai. Paa la nyumba yake lilivuja wakati wa msiba, maji yakaingia kwenye sanduku la marehemu mume wake.

"Naitwa Mama Ndeshi," alisema. "Vitabu ni vya Baba Ndeshi, Mzee Kalebi. Nataka vikae. Yaliyomo yasipotee."

Nikamwambia yaliyomo hayatapotea, mimi ni fundi. Nilidhani anazungumzia kurasa.

Nilivikausha siku tatu, nikivisimamisha wima dirishani, kurasa zimeachama. Niliona mikwaruzo ya penseli pembezoni. Niliiona, sitawadanganya. Ilikuwa midogo, imefifia, nikajisemea ni watoto wa nyumba wamechezea, nikaendelea. Sikusoma hata neno moja. Nikaanza na kile chembamba kuliko vyote, riwaya ya mapenzi ya kurasa themanini na kitu, iliyobanduka mgongo. Nikaipanga, nikaibana, nikashusha kisu juu, chini na ubavuni. Kingo zilitoka safi kuliko zote nilizowahi kukata. Mabaki nikayafagilia kwenye gunia la kona, na Ijumaa Mzee Damasi akalibeba gunia kama kila Ijumaa, akaenda kutandikia kuku wake wa mayai nyumbani kwake Majengo. Enzi zile kila mtu mjini alikuwa na kuku wa mayai.

Jumatatu Mama Ndeshi akapita akitoka sokoni. Nikamwonyesha ile riwaya kwa majivuno, jalada jipya la bluu. Akaishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole ukingoni, akasema, "Ni nzuri, mwanangu. Aika," ndiyo asante yetu ya Kichaga. Kisha akakaa kwenye benchi, jambo ambalo siku ya kwanza hakufanya.

"Nina ombi," alisema. "Mimi sikusoma. Baba Ndeshi alipokuwa anaumwa aliniambia, 'Habari zako nimeziandika humo kwenye vitabu.' Nikaona haya kumuuliza ni kipi. Hakukaa tena siku nyingi. Tumeishi miaka arobaini, na yeye si mtu wa maneno, na mimi si mtu wa maneno. Ndeshi yuko Bomang'ombe, anajua kusoma vizuri sana, lakini maneno ya baba kwa mama hayasomwi na mtoto. Wewe ni mgeni kwetu. Nisomee alipoandika."

Vijana wangu, nilifungua kitabu kile nikaona nilichokifanya. Mzee Kalebi alikuwa na mtindo wake. Alikigeuza kitabu kikalala ubavu, akaandika kwenye pambizo mistari miwili, mmoja karibu na maandishi ya chapa, wa pili nje yake, ukingoni. Mstari wa ndani ulikuwepo. Wa nje, kila ukurasa, ulikuwa umekwenda na kisu.

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikafunga kitabu, nikasema, "Mama, gundi haijakauka, kikifunguliwa sasa kitaachia. Nitakuletea vyote mwenyewe, Jumamosi ya wiki ijayo." Akaniamini. Akachukua kikapu chake akaenda.

Nilimwambia Mzee Damasi. Nilitegemea matusi. Yeye akavua miwani yake, akaisafisha.

"Ulizifungua kurasa?"

"Hapana, Mzee."

"Uliona penseli?"

"Niliona."

"Ukakata."

"Nikakata."

Akavua aproni. "Twende kwa kuku," alisema.

Banda lake lilikuwa na kuku mia na ushee. Mabaki ya wiki ile yalikuwa yametandikwa tangu Jumamosi asubuhi, yamechanganyika na ya madaftari ya shule na stakabadhi za duka, na kuku walikuwa wameshayachakura mara elfu. Mkewe alitutazama mlangoni, mimi na fundi mkuu wa Moshi nzima, tumepiga magoti kwenye mavi ya kuku tukiokota nyuzi za karatasi, akarudi ndani bila kuuliza. Tulijifunza upesi kutofautisha. Karatasi ya riwaya ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na maji ya mvua yalikuwa yameiachia ukungu. Penseli ilikuwa haijafutika. Kama Mzee Kalebi angeandika kwa kalamu ya wino, masika yangekuwa yameshamaliza kazi kabla yangu.

Tulirudi bandani siku tatu, saa ya chakula cha mchana. Kuku mmoja mwekundu alinifuata kila nilipokwenda, akinidonoa visigino, na Mzee Damasi akasema huyo ndiye mhariri. Kwa siku tatu zile ndiyo mara pekee aliyonichekesha.

Jioni nikawa nabaki karakanani kuunganisha. Na kwa kuwa sasa nilikuwa naogopa hata kugusa, nilivifungua vile vitabu vitano vingine ukurasa kwa ukurasa, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Nikasoma. Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nimeshika vitabu miaka kumi na mitatu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu akijibizana navyo.

Kulikuwa na kitabu cha kilimo bora cha kahawa. Pale mtaalamu aliposema migomba ing'olewe ili mibuni ipate jua, Mzee Kalebi aliandika: "Na watoto wale jua?" Ukurasa mwingine, penye habari za kupulizia dawa kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani: "Huyu hajawahi kubeba bomba mgongoni akapanda nalo kihamba."

Kulikuwa na hadithi ya upelelezi. Ukurasa wa tisa: "Muuaji ni karani. Anatabasamu mno." Ukurasa wa mwisho: "Nimekosa. Ni daktari. Karani namwomba radhi." Nilicheka peke yangu mle ndani, kisha nikaacha kucheka, maana nilijiuliza ni watu wangapi ninaowajua ambao wangemwomba radhi mtu wa kwenye kitabu. Nilijichunguza mimi, sikujikuta.

Kulikuwa na cha tiba za nyumbani. Mbele ya dawa ya kikohozi: "Nimejaribu. Nimekohoa zaidi." Kulikuwa na cha Mzungu mmoja aliyepanda mlima wetu zamani, kimetafsiriwa, na pale aliposema alisimama kileleni peke yake, Mzee Kalebi aliuliza: "Na hema lilipanda lenyewe?" Chini yake, kwa mwandiko mdogo zaidi: "Mimi nilibeba la mwingine, ujanani. Mgongo ni ule ule."

Na kulikuwa na kitabu cha mashairi ya pwani, kigumu, maneno yake mengine hata mimi siyajui mpaka leo. Aliandika hivi: "Hili nimelisoma mara nne. Sijalielewa. Lakini leo nikikamua ng'ombe nimejikuta nalisema, na ng'ombe ametulia." Vijana, mimi nimesikia maprofesa redioni wakieleza ushairi ni nini. Hakuna aliyenifikisha pale aliponifikisha yule mkulima. Nilikiweka kitabu chini taratibu, nikanawa mikono kwanza, ndipo nikakishika tena.

Basi tangu hapo siwezi kusoma bila kuwa na la kusema. Kama ninyi mnasoma na kunyamaza, mnasoma nusu. Mkiwa na kitabu chenu wenyewe, andikeni, kwa penseli. Cha maktaba msiandike, andikeni kwenye daftari, msije mkaniletea lawama.

Turudi kwenye kazi. Ile riwaya niliifumua yote. Kila ukurasa nikauongezea karatasi mpya pembeni, nyembamba, ya rangi iliyokaribia, nikaipaka gundi ya unga, maana ya kopo ikikauka inakunja karatasi kuukuu. Juu ya karatasi hiyo mpya nikabandika kila mstari wa Mzee Kalebi mahali pake, mkabala na mwenzake. Ni kazi ya kuzuia pumzi. Ukipiga chafya umepoteza sentensi. Pambizo zikawa pana kuliko za mwanzo, nikaona heri zizidi kuliko zipungue.

Mistari yote ikapata mwenzake isipokuwa mmoja. Ulikuwa ukurasa ambapo msichana wa riwaya anamwandikia mpenzi wake barua ndefu ya kumweleza moyo wake. Pembeni, mstari wa ndani ulisema: "Huyu husema kila kilichomo moyoni. Mke wangu hasemi, lakini mimi". Basi. Wa nje haukuwepo. Nilirudi bandani peke yangu Ijumaa, nikapekua mpaka kwenye viota. Kuku walikuwa wameshafanya yao.

Sikumwambia Mzee Damasi kwamba umekosekana ule. Niliona haya.

Jumamosi nikapanda Old Moshi na vitabu sita na jani la isale. Ninyi wa siku hizi mnaliona isale mipakani mwa vihamba mnadhani ni ua tu. Kwetu ukimkosea mtu, hata kosa kubwa, ukimpelekea isale ukamwomba, hana njia ya kukunyima msamaha. Mimi natoka Kibosho, Mkatoliki, yeye Mlutheri wa Old Moshi, lakini kwenye isale wote ni wamoja. Njia nzima nilikuwa natunga. Niliufikiria ule mstari uliopotea, nikajaribu maneno haya na yale, kama anayechagua kitambaa. Nilipofika kwenye geti lake nilikuwa nimeshaupata mzuri.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti, nikamkabidhi isale. Nikamwambia kila kitu kuhusu kisu, na kuku, na kuunganisha. Kila kitu isipokuwa mstari mmoja. "Lakini yote nimeyarudisha, Mama," nilisema.

Alilishika lile jani kwa muda. Akaliweka kwenye kanga yake, mapajani.

"Isale nimepokea," alisema. "Inuka. Sasa nisomee."

Nikaanza na cha kahawa. Nilipofika kwenye migomba, alicheka kwa sauti ya chini, ya mtu asiyezoea.

"Hayo ni maneno yangu," alisema.

"Ya kwako, Mama?"

"Bwana shamba alikuja na karatasi. Baba Ndeshi akachukua panga aing'oe migomba. Nikasimama mbele ya mgomba nikamuuliza, watoto wale jua? Akarudisha panga. Hakusema neno. Mimi nilidhani amenikasirikia mwaka mzima." Akatazama kile kitabu. "Kumbe alikwenda kuandika."

Nilimsomea cha upelelezi, akasema, "Ndiyo yeye, kumshuku mtu kwa meno." Nilimsomea la mlima, akasema tu kwamba mgongo ule ulimsumbua mpaka mwisho. Nilimsomea la ng'ombe na shairi. Akasema yule ng'ombe alikuwa mkorofi, haguswi na mtu mwingine, na miaka yote aliwashangaa wote wawili. Kila nilichosoma alikuwa na jibu. Nilikaa pale kwenye kigoda nikimtazama mwanamke ambaye hajui herufi moja, akitoa maoni juu ya maoni, na nikajiona mdogo, mimi na kingo zangu.

Hatimaye nikafungua ile riwaya. Nilisoma kurasa zilizotangulia, kisha nikafika pale. Nikasoma.

"'Huyu husema kila kilichomo moyoni. Mke wangu hasemi, lakini mimi...'" Nikavuta pumzi, nikatoa ule niliotunga njiani. "'Lakini mimi nampenda kuliko maneno.'"

Mama Ndeshi aliacha kumenya. Alinitazama bila hasira.

"Mwanangu," alisema, "hayo yameandikwa?"

Niliangalia ukurasa. Karatasi niliyoiongeza ilikuwa tupu.

"Hayajaandikwa," nilisema. "Nimeyatunga. Mstari wake nimeukosa, Mama, nimetafuta mpaka kwenye viota. Nisamehe."

"Nilijua," alisema. "Baba Ndeshi hakuwa na neno hilo. Angesema habari ya ndizi, au ya maji." Akafuta mikono kwenye kanga, akasogea, akaweka kidole penye mwisho wa maandishi ya mumewe, pale nilipomwonyesha, neno la mwisho. "Anaishia hapa?"

"Hapo. 'Lakini mimi.'"

Akakiacha kidole pale pale. Nilianza kulia, naye hakunizuia wala hakulia. Kisha kidole chake kikasogea polepole kuelekea ukingoni, juu ya ile karatasi mpya.

"Na hapa peupe ni pa nini?"

"Ni pambizo niliyoongeza. Hapana kitu."

"Una cha kuandikia?"

Nikatoa penseli mfukoni mwa sketi. Akakaa vizuri kwenye kigoda chake, akajifunga kanga upya, akatazama mbele kama mtu aliyeitwa kusema kanisani.

"Andika," alisema. "Baba Ndeshi, na mimi nilikuwa nangoja uanze wewe."